Diorama yangu ya kwanza: kifaru cha JWTZ, Mutukula Januari 1979. Nikosoeni bila huruma

#1 Kobe_wa_Tegeta
Wakuu salaam. Hii ndiyo diorama yangu ya kwanza, yaani mandhari ndogo ya modeli, skeli 1/35 (kila kitu kimepunguzwa mara 35). Wazo ni kifaru cha JWTZ kikiingia Mutukula, mpakani mwa Uganda, Januari 1979 wakati wa vita vya Kagera. Picha sita ziko chini.

Vitu nilivyotumia: seti ya Tamiya ya T-55A, plaiwudi ya milimita 6 yenye ukubwa wa sentimita 45 kwa 30, juu yake unga mweupe wa mafundi rangi unene wa kama sentimita moja na nusu, vumbi la mbao lililotiwa rangi ya kijani kwa majani, mafunjo ya nyuzi za katani kando ya barabara, migomba miwili ya karatasi, dimbwi la resini, na askari wanne. Kifaru nimekipulizia kijani cha kopo moja kwa moja.

Shida ninazoziona mwenyewe: ardhi imepasuka (picha ya 4), dimbwi lina mapovu na limefifia kama maziwa (picha ya 5), na kifaru kinaonekana kimewekwa tu juu, hakina uzito. Yale nisiyoyaona ndiyo nawaombeni.

#2 Gundi_Nyeupe
Hongera kwa kumaliza, wengi huishia kwenye boksi. Ila picha ya 1 kifaru kimenyooka sambamba na ukingo wa ubao kama gari la harusi limepaki nje ya kanisa. Kizungushe nyuzi 15 hadi 30 kutoka kwenye ukingo. Hilo peke yake litabadilisha nusu ya kazi.

#3 Nshomile35
Kabla ya gundi na rangi, tuanze na jiografia. Hayo mafunjo umeyatoa wapi, mkuu? Mafunjo yako bondeni, kwenye mto Kagera na mabwawa yake. Ukipanda kwenda Mutukula ni rweya, yaani nyasi tupu. Na migomba haioti katikati ya rweya, hukaa kwenye kibanja karibu na nyumba. Umepanda kibanja barabarani.

#4 Fundi_Minyororo
Mimi naingia kwenye chuma. Hiyo si T-55 ya JWTZ. Tanzania ilikuwa na Type 59 za Kichina, ambazo ni nakala ya T-54A. T-55 zilikuwa upande wa pili, kwa Waganda, na Walibya walipokuja kumsaidia Amin walikuja nazo pia.

Namna ya kuzitofautisha kwa haraka: angalia juu ya tareti, ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, upande wa kulia, mbele ya mfuniko wa mpakizi (askari anayepakia makombora). T-54 na Type 59 zina kuba dogo la feni, kama uyoga. T-55 haina. Yako haina.

#5 Kobe_wa_Tegeta
Nshomile35, Fundi_Minyororo, mmeniua kwa posti mbili. Hilo kuba naweza kulitengeneza?

#6 Fundi_Minyororo
Kuba unaweza. Kata kitufe cha shati au kichwa cha pini ya plastiki, kipite msasa namba 600 mpaka kingo zilale, bandika, halafu jaza fila pembeni. Tatizo ni kwamba seti yako ni T-55A, na T-55A ina mifuniko iliyoinuliwa kwa ajili ya kinga ya mionzi. Ukiweka kuba tu utapata mnyama ambaye hakuwahi kuwepo. Trumpeter wana Type 59 kamili katika 1/35, na wana Type 62 pia, ile nyepesi ya mzinga wa milimita 85.

#7 Mzee_wa_Brashi
Kuhusu uzito wa kifaru. Watu hukimbilia kusema "ongeza tope". Hapana. Tazama minyororo yake kwanza. Familia ya T-54 haina vigurudumu vya juu vya kubebea mnyororo. Mnyororo unalala juu ya magurudumu makubwa matano na kulegea katikati yake. Wa kwako ni ule wa mpira mmoja, umenyooka kama mkanda wa cherehani na unaelea milimita 2 juu ya gurudumu. Jicho la mtu hata asiyejua vifaru linakataa.

Dawa: tone la supaglu juu ya gurudumu la pili, la tatu na la nne, kisha bana mnyororo kwa vipande vya sponji vilivyoshindiliwa chini ya kizuia tope mpaka ushike. Acha usiku mzima. Ukitaka kufanya vizuri zaidi, nunua minyororo ya kuunga kipande kwa kipande.

Halafu alama za ardhini. Mnyororo wa T-55 una upana wa sentimita 58, kwa 1/35 ni milimita 16.5. Kutoka katikati ya mnyororo mmoja hadi wa pili ni mita 2.64, sawa na milimita 75. Kwenye picha ya 3 mikwaruzo yako ina upana wa milimita 10 hivi, na imeishia nyuma ya kifaru. Yaani kifaru kilishushwa na winchi.

#8 Binti_wa_Resini
Naunga mkono #7, ila chanzo ni mpangilio wa kazi. Ukimaliza ardhi ikakauka ndipo uweke kifaru, lazima kielee. Alama hukandamizwa ardhi ikiwa bado mbichi: zungushia minyororo nailoni nyembamba ya kufungia chakula, subiri mpaka ukigusa kidole kiache alama bila kunata, kandamiza, inua wima. Usiburuze. Tani 36 kwenye udongo laini zikizama sentimita 10, kwako ni milimita 3 tu. Wengi wanazidisha, wanachimba handaki.

#9 Gundi_Nyeupe
Na afungie boliti kutoka chini. Kabla ya kufunga mwili wa kifaru, bandika nati ya M4 sakafuni kwa gundi ya epoksi, toboa ubao, ingiza boliti. Ukikaza, kifaru kinakaa hadi mwisho na magurudumu yote yanagusa. Bila hivyo daima kuna moja linaning'inia.

#10 Kamanda_wa_Jasi
Tuje kwenye nyufa za picha ya 4. Jibu ni rahisi: plaiwudi ya milimita 6 ni nyembamba. Umeilowesha upande mmoja, ikapinda, ardhi ikapasuka. Tumia milimita 12 au 18, na upake vanishi pande ZOTE mbili na kingo kabla ya kuweka chochote chenye maji.

#11 Binti_wa_Resini
Si lazima, mkuu. Kasema "unga mweupe wa mafundi rangi". Kama ni ile skimu ya ukutani, inanywea inapokauka, na imetengenezwa kupakwa milimita moja au mbili. Kaweka 15. Ingepasuka hata juu ya zege.

#12 Tai_wa_Kilimani
Sasa si jasi yote hupasuka ikiwa nene? Hapa Nairobi tunaiweka kwa tabaka tu ndio isipasuke.

#13 Binti_wa_Resini
Hapana kaka. Jasi halisi, ile ya dari na ya kufungia mivunjiko hospitali, haikauki kama tope. Inaganda kwa kemikali, na inapoganda inatanuka kidogo badala ya kunywea. Ndiyo maana inajaza kalibu (umbo la kumiminia) vizuri. Skimu na tope ndivyo vinavyonywea. Watu wanaviita vyote "unga mweupe" halafu wanashangaa.

#14 Gundi_Nyeupe
Mnasahau jambo la tatu. Aliweka gundi nyeupe juu kushikilia vumbi la mbao. Gundi nyeupe nene ikikauka inavuta. Nimeona ardhi nzima ikibanduka kama gamba la mkate kwa sababu ya gundi isiyochanganywa na maji. Iwe sehemu moja ya gundi kwa mbili za maji, na tone la sabuni ya vyombo ili ipenye.

#15 Kamanda_wa_Jasi
Kobe, weka rula kwenye tumbo la ubao utuambie. Mwanga ukipita katikati, umepinda. Tena angalia umbo la nyufa: zikiwa mistari inayokata ubao upande kwa upande, ni ubao. Zikiwa wavu kama bwawa lililokauka, ni unga.

#16 Kobe_wa_Tegeta
Nimepima. Ubao umepinda milimita 3. Nyufa ni wavu. Na pembeni gamba limenyanyuka kama alivyosema Gundi_Nyeupe 😂

#17 Kamanda_wa_Jasi
Basi wote tuna haki, na wewe ndiye mwenye hasara.

#18 Mzee_wa_Brashi
Ubao wenyewe ni mkubwa mno pia. Kifaru kwa 1/35 ni kama milimita 257 pamoja na mtutu, mwili peke yake 173, upana 93. Sentimita 45 kwa 30 ni uwanja, umelazimika kuujaza mafunjo na migomba ili usibaki mtupu. Mimi ningemkatia 30 kwa 22, na mtutu utoke nje ya ukingo kidogo bila kuuomba radhi.

#19 Tai_wa_Kilimani
Ama aende 1/72. Askari anakuwa milimita 24, eneo lote linaenea kwa karatasi ya A4.

#20 Fundi_Minyororo
Tai kila uzi lazima auze 1/72 yake.

#21 Tai_wa_Kilimani
Sabato njema na wewe.

#22 Binti_wa_Resini
Dimbwi la picha ya 5. Yanaweza kuwa mambo matatu, na huenda yote yamekutokea.

Mapovu: unga na ubao una hewa ndani. Resini ikipata joto inapoganda, hewa inapanda. Ziba sakafu ya dimbwi kwa tabaka mbili za vanishi au gundi nyeupe nyepesi, zikauke kabisa, siku mbili si nyingi. Koroga resini taratibu dakika tatu ukikwangua kuta za kikombe, usipige kama mayai.

Ukungu wa maziwa: unyevu. Ama jasi ilikuwa bado mbichi chini, ama ulimimina siku ya mvua. Pwani hii unyevu ni adui kuliko kitu chochote. Na pima kwa mzani kama chupa inasema uzito, kwa kikombe kama inasema ujazo. Ukibadilisha hivyo viwili, inabaki inanata milele.

Kupanda kwenye majani: resini inapanda shina la katani kama mafuta ya taa kwenye utambi. Panda majani ya ukingoni BAADA ya maji kuganda.

#23 Mzee_wa_Brashi
Kwa dimbwi la barabarani kwa nini resini? Dimbwi la kina cha sentimita 5 ni milimita 1.4 kwenye skeli. Paka vanishi inayong'aa tabaka sita mpaka nane nyembamba, umemaliza, hakuna povu wala sumu ya kuvuta. Resini ni ya mito. Na maji ya barabarani huko si buluu, ni chai ya maziwa. Paka sakafu ya dimbwi kahawia nyekundu, katikati iwe nzito zaidi, ndipo vanishi.

#24 Nshomile35
Dimbwi lenyewe lina kesi. Mutukula ilichukuliwa 21–22 Januari 1979. Januari upande wa Missenyi vuli imeshakatika. Ni vumbi. Kobe ameweka tope.

#25 Kamanda_wa_Jasi
Bukoba inanyesha karibu mwaka mzima mkuu, ni kama milimita 2000 kwa mwaka. Usitunyime dimbwi.

#26 Nshomile35
Bukoba ni ziwani. Ukienda magharibi mbali na ziwa mvua inapungua haraka. Mtu wa Bukoba na mtu wa Kyaka hawana mwavuli mmoja.

#27 Kamanda_wa_Jasi
Mvua moja ya saa mbili mchana inatosha kutengeneza dimbwi popote Kagera, mwezi wowote. Hatuhitaji idara ya hali ya hewa.

#28 Fundi_Minyororo
Ngojeni, nina wazo la kumwokoa bila kununua seti mpya. Hamisha diorama nzima. Acha Mutukula, nenda kwenye mapigano ya Lukaya, ndani ya Uganda, 10–11 Machi 1979. Pale barabara inapita kwenye kinamasi, kwa hiyo mafunjo yako yanakuwa halali. Machi masika yanaanza, tope ni halali. Na Walibya walikuwepo na T-55, kwa hiyo kifaru chako nacho ni halali. Kiwe kimeachwa ukingoni mwa tuta, mfuniko wazi, na askari wako wanne ni JWTZ wanakikagua. Mambo matatu yametatuliwa kwa kubadili kibao cha jina.

#29 Mzee_wa_Brashi
Hiyo ni akili. Tena inatatua la nne: kwenye picha ya 2 askari wote wanne wanatazama mbele kama gwaride la Uhuru. Wakikagua kifaru macho yao yanakutana mahali pamoja, na mtazamaji anafuata macho yao. Mmoja juu ya mwili akichungulia ndani, wawili chini wanaongea, mmoja pembeni anatazama mafunjo, yaani anatazama hatari. Ukiunganisha vichwa vyao upate pembetatu, si mstari.

#30 Nshomile35
Migomba ing'olewe lakini. Mgomba ndani ya kinamasi sijawahi kuuona.

#31 Kobe_wa_Tegeta
Lakini mimi nilitaka kifaru CHETU, wakuu. Kifaru cha adui kilichoachwa ni hadithi nyingine.

#32 Fundi_Minyororo
Basi nunua Type 59. Huwezi kula ndizi na ganda lake.

#33 Gundi_Nyeupe
Mafunjo yakibaki, urefu urekebishwe. Mafunjo yaliyokomaa hufika mita 4 hadi 5, kwa 1/35 ni milimita 114 hadi 143. Yako yananizidia shaka, kwenye picha yanafika kwenye kizuia tope, yaani kama milimita 35. Hayo ni matete ya bata. Shina tumia kijiti cha fagio la chelewa kilichokwanguliwa, kichwa tumia nyuzi za katani 30 hadi 40 za milimita 10, zifunge kwa uzi, tia tone la supaglu, kisha zifungue kama mwavuli. Yapande kwa mafungu yenye urefu tofauti, na moja kati ya matano liwe kahawia na limevunjika.

Vumbi la mbao tupa. Linabaki kama zulia la kijani la msikitini. Majani mafupi ni katani iliyokatwa milimita 10 mpaka 25, imechovywa rangi tatu: kijani kilichochoka, njano ya majani makavu, na kahawia kidogo. Takataka za chini ni majani ya chai yaliyotumika, lakini yachemshe tena na uyaanike, vinginevyo yanatoa rangi kwenye gundi.

#34 Tai_wa_Kilimani
Na mchanga halisi wa huko? Si ni bora kuliko rangi?

#35 Mzee_wa_Brashi
Udongo halisi una mambo. Punje ya milimita moja ni jiwe la sentimita 3.5 kwenye skeli, kwa hiyo upitishe kwenye kichujio cha chai kisha kwenye soksi ya nailoni. Ukaange kikaangoni kwanza, la sivyo baada ya mwezi utaota ukungu chini ya kioo. Ukipata gundi unakuwa mweusi kuliko ulivyokuwa, itabidi upake rangi hata hivyo. Na usichukue mchanga wa Bunju ukauita Kagera. Kule udongo ni mwekundu.

Kwa vumbi la juu ya kifaru: saga tofali la kuchoma, changanya na chaki ya njano kidogo, paka kwa brashi kavu, shikilia kwa tapentaini inayodondoshwa pembeni ikatambaa yenyewe. Usishikilie kwa vanishi ya kupuliza, vumbi lote litatoweka machoni pako.

#36 Kobe_wa_Tegeta
Tapentaini au thina? Duka la rangi wamenipa thina.

#37 Binti_wa_Resini
SIMAMA HAPO. Thina ya maduka yetu mara nyingi ni ya rangi za magari. Inayeyusha plastiki ya modeli na kula rangi yako ya kopo. Chukua tapentaini au mafuta meupe ya kusafishia brashi, na kabla ya kuosha kifaru kwa rangi nyepesi paka vanishi inayong'aa, iachie siku nzima. Woshi ni rangi ya mafuta kahawia nyeusi, kama sehemu moja kwa tisa za tapentaini, kwenye mifereji na kuzunguka boliti tu. Usikipake kifaru kizima kama lami.

Na ukiamua kutumia stairofomu kwa tuta la Lukaya, kopo la kupuliza linaitafuna vilevile. Izibe kwanza kwa gundi nyeupe au rangi ya maji.

#38 Kamanda_wa_Jasi
Rangi ya kifaru pia imeiva mno. Kijani cha kopo kwenye kitu kidogo kinaonekana cheusi. Punguza makali kwa nyeupe au njano ya mchanga, kama sehemu moja kwa nane, kwa nyuso za juu zaidi kuliko za chini.

#39 Fundi_Minyororo
Asiongeze nyeupe, atapata rangi ya chaki. Njano ya mchanga tu.

#40 Mzee_wa_Brashi
Wala yoyote. Vumbi la #35 litaifanya kazi hiyo bila kugusa rangi ya chini.

#41 Dada_wa_Muscat
Nimechelewa. Hakuna aliyegusa ngozi za askari. Picha ya 6 umewapaka nyeusi tupu, na juu yake kijivu kama mwanga. Ndiyo maana wanafanana na sanamu za lami. Ngozi yetu haina kijivu. Anza na kahawia iliyokolea yenye wekundu, mwanga wa paji la uso, pua na mashavu ongeza rangi ya chungwa au njano ya udongo, vivuli ongeza zambarau tone moja. Nyeusi isiguse uso. Viganja na midomo iwe mepesi kidogo. Mboni za macho usiziache nyeupe kabisa, watakutolea macho wote wanne kama wameona chatu. Na wasiwe rangi moja, kila mmoja mchanganyiko wake.

#42 Kobe_wa_Tegeta
Asante dada, hili ndilo sikuliona kabisa. Na namba za tareti niweke zipi?

#43 Fundi_Minyororo
Usiweke namba usiyo na picha yake. Kifaru chenye vumbi bila namba hakuna atakayekuuliza. Chenye namba ya kubuni utaulizwa na kila mzee aliyepita JKT.

#44 Kobe_wa_Tegeta
Nimeamua: nabomoa ardhi, plaiwudi ya 18, ubao 30 kwa 22. Sehemu moja bado: nikienda Lukaya na T-55 ya Walibya, rangi yake ni ya mchanga au kijani?

#45 Kamanda_wa_Jasi
Mchanga. Jangwa lile.

#46 Tai_wa_Kilimani
Walizipokea kutoka Urusi, Mrusi hupaka kijani. Kijani.

#47 Fundi_Minyororo
Kabla hamjapigana, nani ana picha ya rangi ya Lukaya, si nyeusi na nyeupe?

#48 Nshomile35
Hata ukiipata, picha za rangi za miaka ya 70 zimegeuka nyekundu zote. Kila kifaru kinaonekana cha Kagera.

#49 Dada_wa_Muscat
Paka tope kuanzia kwenye minyororo mpaka kwenye tareti, Kobe, halafu waache wabishane.

#50 Nshomile35
Migomba umeng'oa?